Mabaki ya Jipsamu Juu ya Kitanda cha Bi Rehema

Siku mliyoniaga pale Kisauni, mafundi wenzangu, mlinipa kipaza sauti mkaniomba niseme maneno mawili matatu kwa mafundi wadogo. Nilisema asanteni, nikawaombea riziki, nikaketi kula pilau. Niliyokuwa nayo moyoni hayakufaa kusemwa mbele ya sinia. Yangewatoa watu hamu, na wengine wangeinuka waende zao, maana yanawahusu. Sasa niko nyumbani, mgongo hautaki tena ngazi, na hasira niliyotoka nayo kazini haijapoa. Nimeona bora niiandike, kwa sababu mke wangu ameisikia mara nyingi mno na amenikataza kuirudia wakati wa kula.

Nataka kuzungumza juu ya taka zetu. Nani alipewa kazi ya hoteli gani na nani alipandishwa cheo, hayo mtaulizana wenyewe. Mimi nasema juu ya vile vipande vya jipsamu vinavyobaki mkishakata bodi za dari, ambavyo kila fundi hapa pwani huvikanyaga kutwa nzima kisha, ikifika siku ya kukabidhi nyumba, hujifanya havijui.

Kazi niliianzia Changamwe, kabla jipsamu haijajulikana kwetu. Dari zilikuwa za mbao, au za ule ubao laini wa kahawia ambao panya waliupenda kuliko mkate. Mwalimu wangu alikuwa Fundi Shebwana, mtu wa Kisauni ya zamani, mpole wa sauti na mkali wa jicho. Siku ya kwanza nilifika na nyundo mpya. Aliipokea, akaisifu, akaitia katika sanduku lake, akanipa fagio. Nilifagia mpaka nikaanza kujiuliza kama nimekuja kujifunza useremala au uyaya.

Shebwana alikuwa na tabia iliyowaudhi wenye haraka. Jioni, kabla hatujanawa mikono, alitandaza mabaki yote ya siku hiyo sakafuni karibu na mlango, akayatazama kama mtu anayechagua samaki. Kipande kikimshangaza alikiinua na kuuliza, "Hiki nani kakikata?" Aliyekikata alijitokeza. "Hebu nambie ulivyopima." Na kweli, ukikitazama kile kipande ungeona kosa lako lote: ulipima kutoka ukuta uliopinda, au ulianza na upande usiofaa, ukatupa nusu ya ubao kwa ajili ya pengo la upana wa kiganja. Hakugombeza mtu. Alikuacha usimame na kipande chako mkononi mbele ya wenzako, na hilo lilitosha.

Baada ya hapo vilivyofaa tulivitenga, visivyofaa tukavitia magunia, na magunia yakatoka siku ile ile. Shebwana hakupokea mkono wa buriani wa mwenye nyumba mpaka gunia la mwisho lilipovuka geti. Mimi nilidhani mafundi wote duniani ndivyo wanavyofanya. Nilikuwa kijana.

Kisha jipsamu ikaingia, na kila mtu akataka dari yenye ngazi ngazi na taa zilizofichwa, hata katika chumba ambacho mtu mrefu akisimama nywele zinagusa juu. Sina ugomvi na jipsamu. Ni kitu kizuri kikitendewa haki. Unapima, unapiga mstari, unachana karatasi ya juu kwa kisu, unavunja juu ya goti, unageuza, unamalizia karatasi ya nyuma. Inakatika kwa adabu. Lakini huacha mabaki mengi kuliko mbao: vichane virefu, pembe, miduara ya matundu ya taa, na unga unaoingia puani ukakaa huko hadi Ijumaa. Tena ina tabia moja ambayo nawaomba muishike hata mkisahau mengine yote. Jipsamu hunywa maji. Kavu, unaibeba kipande mkono mmoja. Ikilowa inakuwa nzito kama mgonjwa, na haikwambii kuwa imelowa mpaka siku inapoamua kushuka.

Yale mabaki nimeyaona yakifanyiwa kila aina ya ujinga. Nimeona yakichomwa moto, karatasi ikaungua, jiwe lenyewe likabaki pale pale, na mtaa mzima ukakohoa. Nimeona yakimwagwa kwenye matimbo ya zamani kule Bamburi, pale mawe yalipochimbwa, kwa sababu shimo likiwa la mtu asiyejulikana kila mmoja huliona ni lake. Mtaa wa Ziwa la Ng'ombe kulikuwa na kichochoro chenye mashimo, jamaa wakakijaza vipande vya jipsamu wakapongezwa na majirani. Mvua ya kwanza tu, njia ikawa uji, na watoto wakaenda shule wakiwa weupe hadi magotini. Jirani yangu mmoja wa Likoni aliniomba magunia kadhaa akanyunyize shambani, alikuwa amesikia yanalisha udongo. Nikamwambia huenda ni kweli kwingineko, lakini sisi hapa tumekaa juu ya matumbawe, chokaa tunayo ya kumwaga, na vipande vyenye rangi na gundi asivisogeze karibu na muhogo wake. Akavitumia kuziba ukuta wa banda la kuku. Kuku wakaula ukuta.

Mimi nilifanya alivyonifunza Shebwana, nikaongeza yangu kidogo. Kabla sijakata bodi ya kwanza nilimuuliza mwenye nyumba taka zitatolewa kupitia wapi, zitakwenda wapi, na nani atazibeba. Vichane vipana nilivitenga vikavu, vimelazwa, kwa sababu ndivyo vinavyofaa kuwekwa nyuma ya tundu unapoziba. Vidogo vilikwenda magunia, magunia yakaenda kwa mkokoteni hadi jaa linalopokea vitu kama hivyo. Si elimu kubwa. Ni kazi ya nusu siku na mgongo kidogo.

Lakini wenzangu waligundua njia fupi, na njia hiyo ina jina. Wanaiita kupandisha. Mnaijua, msijifanye mnanishangaa. Dari ikiwa imebaki bodi moja kufungwa, kiongozi wa kazi husema, "Haya, pandisheni." Vijana wanaokota kila kilichoko chini, vichane, pembe, mifuko mitupu ya fila, ule unga wa kuziba viungo, chupa za maji, wanavisukumia juu kupitia lile pengo, wanavisambaza kwa mti, kisha bodi ya mwisho inafungwa na skrubu zinapigwa. Chini kunafagiliwa, kunang'aa. Mwenye nyumba anaingia, anainua macho, anaona weupe mtupu, anasema mashallah. Hajui kwamba amenunua dari pamoja na jaa.

Nimegombana juu ya jambo hili katika nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Jibu lilikuwa lile lile. Hakuna anayechungulia juu. Dari inabeba. Kila mtu anapandisha. Nami nikirudi nyumbani nilishindwa hata kuonja chai kwa hasira, maana dari haikufungwa ibebe taka. Imefungwa ijibebe yenyewe.

Kisa kilichonimaliza kabisa kilitokea Junda, katika miezi yangu ya mwisho ya kazi. Mshonaji mmoja aitwaye Saumu alinitafuta kwa sababu dari ya chumba cha mama yake ilikuwa imepasuka, na fundi aliyeijenga hashiki simu. Nilipomuuliza fundi mwenyewe ni nani, akasema ni Mwero.

Mwero nilimjua vizuri, tulikua pamoja katika kazi hii. Ana mkono mzuri, siwezi kumnyima hilo. Viungo vyake huvioni hata ukimulika taa ubavuni. Mafundi vijana humwiga hata anavyoshika penseli sikioni. Nikajiambia labda nyumba imetitia, ukuta umesogea, yakatokea ya kutokea.

Mama yake Saumu aliitwa Bi Rehema. Alisomesha watoto wa mtaa ule madrasa kwa miaka mingi, mpaka kiharusi kilipomchukua upande wa kushoto. Nilimkuta amelala kitandani, kanga kichwani, tasbihi mkono wa kulia.

"Shikamoo, Bi Rehema."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Saumu."

"Abee, mama."

"Mgeni atiliwe chai kwanza. Dari haikimbii."

Nilikunywa chai nikiangalia juu. Ufa ulitoka pembeni ukafika kwenye tundu la taa. Katikati dari ilikuwa imefanya tumbo, na juu ya mto wa kitanda palikuwa na doa la kahawia lenye ukubwa wa sinia. Niligonga kwa mpini wa bisibisi. Dari yenye uwazi juu yake hujibu unapoigonga. Hii ilinyamaza.

Kwenye ujia wa nje ya chumba kulikuwa na kile kidirisha kinachoachwa kwa ajili ya fundi wa stima. Nikaweka ngazi, nikaingiza kichwa na taa ya simu. Wallahi niliimulika mara mbili. Upande wote wa chumba cha Bi Rehema ulikuwa umejazwa mabaki ya jipsamu, vichane kwa pembe, mifuko ya fila, hata fagio bovu walilofagilia siku ya mwisho walikuwa wamelipandisha. Msumari mmoja wa bati ulikuwa umelegea, na maji yalitona pale pale katikati ya lundo. Vipande vya chini vilikuwa vimelowa vikashikana kama mkate uliosahaulika kwenye chai. Vyote hivyo vilikuwa vimelalia bodi moja nyembamba, na chini ya bodi hiyo kuna kichwa cha mama mzee asiyeweza kujigeuza bila kushikwa.

Nilishuka nikamwambia kwa upole nilivyoweza. "Mama, chumba hiki yafaa ukihame leo. Dari imelemewa. Twaivunja, twaondoa vilivyoko juu, twafunga nyingine."

"Huivunji," akasema.

"Itaanguka, mama."

"Mwanangu, hapo juu pametiwa dawa ya joto. Siku waliyofunga dari nilikuwa nimeketi pale ukumbini, nikawaona wapandisha vitu vyeupe. Nikamuuliza Mwero, 'Hivyo vyenda wapi?' Akanambia, 'Bibi, hivi vyazuia joto la mabati. Twakuwekea wewe tu, kwa heshima yako.' Na kweli, tangu siku ile chumba hiki chanipa baridi. Kila nikisali namuombea."

Nilikuwa nimesikia uongo mwingi wa mafundi, na mwingine nimeucheka. Huu sikuweza kuucheka. Mtu ameficha taka juu ya kitanda cha mgonjwa, akaulizwa, akazigeuza zawadi, na yule mgonjwa akawa anamlipa kwa dua.

Nilirudi darini nikavuta kipande kimoja kikavu cha pembeni, nikamletea. "Mama, hii ni takataka. Ni masazo ya bodi yaliyokatwa. Hayana dawa yoyote."

Alikishika, akakigeuza, akakipapasa kwa kidole gumba. "Ndicho hichi hichi. Cheupe," akasema, akanirudishia akiwa ameridhika.

"Mwero alikudanganya."

Hapo macho yake yakabadilika. "Mwero amekula hapa siku zote za kazi. Nalimwambia Saumu awapikie, awapakulie. Mtu aliyekula wali wangu hawezi kunilaza chini ya taka. Wewe nimekujua leo."

Nikamgeukia Saumu. Alikuwa amesimama mlangoni akijikuna mkono, analia bila sauti. Nje aliniambia, "Mzee, mimi nakuamini. Lakini nyumba ni yake, na neno lake sijawahi kulivuka. Nikimtoa kwa nguvu ataona nimemdharau kwa kuwa hawezi kusimama. Mlete Mwero. Akisema mwenyewe, mama atatoka."

Basi nikamfuata Mwero. Alikuwa Bamburi, kwenye ghorofa jipya, naye na mafundi wake walikuwa kwenye benchi la mama muuza mahamri ng'ambo ya barabara wakinywa chai. Nilimweleza kila kitu hapo hapo. Nilitaraji ashtuke. Alimenya kiazi chake taratibu.

"Mzee Ndoro, hilo jambo dogo. Piga skrubu mbili tatu, tia fila, rangi. Msumari wa bati nitamtuma mtu."

"Lundo limelowa. Skrubu za nini? Nenda ukamwambie yule mama ukweli ahame."

"Nimwambie nini? Kwamba nilimdanganya? Yule amesomesha watoto wa nusu ya Junda. Kesho jina langu litakuwa kila baraza. Nitapata kazi wapi?"

"Na akifa?"

"Usiseme maneno kama hayo." Akageuza uso.

Nikawatazama wale wengine. Baadhi yao niliwafundisha mimi kushika kisu. Kijana mmoja wa bara, mwenye heshima zake zote, akaniambia, "Mzee wetu, usituchomee riziki. Wewe unaenda kupumzika, sisi bado tunakula hapa. Ukianza kufungua dari moja, watu watataka zote zifunguliwe." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mama amelala upande gani wa lile tumbo la dari.

Nawaandikia ninyi mliokuwa kwenye benchi lile, na mnajijua. Mlinikasirisha kuliko Mwero. Yeye alikuwa anaogopa aibu, na aibu ni kitu ninachokielewa. Ninyi mlikuwa mnalinda desturi. Mlisema neno "zote" kwa vinywa vyenu, maana yake mnajua ni ngapi, mnajua ziko juu ya vitanda vya nani, na mlichovya mahamri mkaendelea kula.

Nilirudi Junda na boriti na vipande vya ubao mpana, nikategemeza dari kuzunguka kitanda. Hilo Bi Rehema alilikubali kwa kuwa sikuvunja kitu. "Wataka nilale mwituni?" akaniuliza akiitazama miti. Nilipanda nikapiga ule msumari wa bati, nikatia lami. Lakini masika yalikuwa yameshaanza kwa nguvu, maji yakapata njia nyingine, na jipsamu iliyolowa haitegemezeki. Ukiisukuma kwa mti, haisogei. Mti unapenya. Baada ya usiku mmoja wa mvua Saumu alinipigia. Ubao mmoja ulikuwa umezama ndani ya dari, na maji meupe yanatiririka kwenye boriti.

Nilifika asubuhi nikaona mwenyewe. Tumbo la dari lilikuwa limeshuka kiasi cha kuligusa ukisimama kwa vidole vya miguu. Nikamsihi Bi Rehema kwa kila jina la heshima nililolijua. Akasema Mwero angejua kama kuna hatari, na angekwisha kuja.

Hapo nilifanya kitu ambacho mke wangu hadi leo hajanisamehe. Nilichukua kiti ukumbini, nikakiweka kando ya kitanda, chini ya lile tumbo, nikaketi. Nikamwambia Saumu, "Mpigie Mwero kwa simu ya jirani, namba asiyoijua. Mwambie Mzee Ndoro ameketi chini ya dari yako pamoja na mama, na haondoki mpaka uje."

Nilikaa. Sikuwa shujaa, nilikuwa nimekasirika tu, na hasira ikipungua kidogo hofu iliingia mahali pake. Maji yalitona kwenye beseni miguuni mwangu. Mara moja chuma kinachoshika dari kililia, nikajikuta nimeinua mikono juu ya kichwa kana kwamba ingesaidia. Bi Rehema alinicheka. Aliniuliza watoto wangu wangapi, nikamjibu. Alinisahihisha namna nilivyotamka aya moja, akanirudisha mpaka nikaipata sawasawa. Nilimpenda yule mama, na kadiri nilivyompenda ndivyo nilivyozidi kughadhabika, kwa sababu alikuwa mtulivu, na utulivu wake wote ulikuwa umejengwa juu ya neno la fundi.

Adhuhuri ilipita. Kisha nikasikia bodaboda, na sauti ya Mwero ikapiga hodi.

"Karibu, mwanangu," Bi Rehema akaitikia, uso umemchangamka. "Sasa atakwambia mwenyewe," akaninong'oneza.

Mwero alikuja mpaka kwenye kizingiti cha chumba akasimama. Alikuwa amelowa. Hakunitazama mimi, wala hakumtazama mama. Alitazama juu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndoo karibu, uketi hapa kitandani. Mwenzio huyu yuwasema maneno, nami nimemkatalia."

"Nina matope, bibi."

"Vua viatu."

Alivivua. Akaviweka vizuri kando ya mlango, akachukua muda mrefu kuvipanga. Kisha akasimama pale pale, miguu mitupu, vidole vimeishia mwisho wa saruji ya ujia. Nilikuwa na maneno ya kutosha kumzika, nikayameza, kwa sababu niliona kwamba hayahitajiki.

"Ingia, Mwero," akasema Bi Rehema.

"Nasikia hapa hapa, bibi."

"Nakwambia ingia unipe mkono. Kwani wewe mgeni hapa?"

Mwero akainua tena macho juu, mara hii haraka, kama mtu aliyesikia kitu. Na Bi Rehema akayafuata yale macho. Alikuwa amelala chini ya ile dari miezi mingi akiitazama kwa shukrani. Sasa aliitazama kama alivyoitazama aliyeijenga. Aliona ufa, akaona ule mti uliozama, akaona maji. Akamrudia Mwero aliyesimama mlangoni, mtu mzima mwenye nguvu zake, hathubutu kutia mguu.

Tasbihi ikaacha kusogea.

"Waogopa," akasema, polepole. "Mimi umenilaza hapa, na wewe waogopa kuingia."

Mwero akatazama viatu vyake.

"Ndoro," akasema mama, na lilikuwa jina langu kwa mara ya kwanza kinywani mwake. "Nitoeni."

Hatukuweza kumbeba mikononi, upande wake mmoja ulikuwa hauna nguvu. Ilibidi tumtoe pamoja na godoro, na godoro lina pembe nne. Saumu alishika moja ya miguuni, jirani aliyetupa simu akashika ya pili, mimi nikashika ya kichwani upande wa mlango. Iliyobaki ilikuwa ya ukutani, chini kabisa ya lile tumbo. Nikamtazama Mwero. Bi Rehema alikuwa amefumba macho, midomo inatembea, na sikujua kama bado anamuombea yule mtu au anajiombea mwenyewe.

Mwero alivuka kizingiti. Alipita chini ya kazi yake mwenyewe ameinama, mabega yamemkunjamana, mkono mmoja juu ya kichwa, akashika pembe yake, tukamtoa mama.